Santuri Ikiisha, Usikimbilie Nyingine

Mwanangu Shabani,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Mimi leo sina uzima wa kutanguliza. Hofu ndiyo iliyonikalisha hapa barazani, na wewe hata mbali hujafika: uko mtaani Mwanga unawaaga rafiki zako, na mluzi wako nimeusikia mpaka ulipokata kona. Nina nafasi mpaka magharibi. Isome meli ikishaondoka. Usiisome hapa ukaanza kunijibu, maana wewe ukinijibu mimi hulainika.

Sitakuandikia habari za kufua shati wala za kuficha hela kwenye soksi. Huko Kalemie unakokwenda, ng'ambo ya ziwa, mjomba wako Amisi ana mke, na mke wa Amisi ana macho na mdomo, hayo atakuambia mpaka uchoke. Mimi nina mengine.

La kwanza ni baya, nalitoa mapema lisije likanikaa kooni. Juzi niliposema nakwenda Katonga kutafuta dagaa, sikwenda Katonga. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ruhasha, yule aliyekuandikia karatasi ya kukutambulisha ukapate kibali cha kuvuka ziwa. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kinu kilicholala, nikamwomba aende akaseme kwamba alikosea, kwamba kijana yule anatakiwa shambani kijijini, au mgonjwa, au ana kesi, aseme lolote linalomjia, mradi usipande ile meli.

Mzee hakuacha kuchonga. Akasema, "Mama Shabani, kumzuia naweza. Karatasi ni ya kwangu. Lakini mwana wawe kakulia ziwani hapa hapa. Nikimnyima meli, wiki ijayo utasikia kapita na mitumbwi ya magendo, usiku, na watu usiowajua majina. Ndiyo unataka?"

"Oya," nikamjibu, yaani hapana, kwa Kiha chake, sijui kwa nini.

"Haya. Nenda kampikie mwanao."

Nikarudi na kapu tupu, na wewe ukanitania kwamba dagaa wa Katonga wamenikimbia. Nikacheka. Lakini, Shabani, mzee alikuwa amenionyesha nilichokuwa nakifanya. Mimi niliyevuka ziwa hili kwa mtumbwi, usiku, na watu nisiowajua majina, nilikuwa nakusukuma wewe kwenye mtumbwi uleule, na nilikuwa naita kitendo hicho kukulinda.

Unajua kwamba baba yako alipotelea ziwani. Jinsi alivyopotea hujui, kwa sababu kila ulipouliza niliweka santuri. Sasa nitakuambia, na leo hakuna santuri.

Tuliondoka upande ule wa Kongo wakati wa vita, mitumbwi miwili. Mmoja ulikuwa wa wanawake na watoto, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, meno hujaota. Wa pili ulikuwa wa wanaume na mizigo. Hakuna taa, hakuna kusemezana, mtoto akilia ananyonyeshwa. Baba yako alikuwa mvuvi, na wavuvi wa kwetu hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili samaki wakimbilie wavuni. Akaniambia pale pwani, "Nitagonga polepole, nyuma yenu. Mtu akisikia atadhani ni uvuvi. Wewe ukisikia, ujue ni mimi." Na kweli aligonga. Nilikuwa nasikia pigo moja, halafu kimya, halafu jingine, na nikajikuta napumua kwa kuyafuata hayo mapigo. Sikuwa na hofu kabisa. Nakuapia, usiku ule nilikuwa na usingizi.

Huko katikati upepo uliamka kidogo, si wa kutisha. Nikasikia pigo, nikangoja la pili. Nikangoja. Nikamwambia mwenye kafi wetu tupunguze, akaniwekea kidole mdomoni. Kulipokucha tuliiona milima ya huku, na mtumbwi ulikuwa mmoja.

Hakuna aliyeona kitu. Hakukuwa na mayowe wala risasi. Ndiyo maana naogopa mpaka leo mambo mawili yasiyokaa pamoja. Naogopa kwamba alikufa. Na ziko siku naogopa kwamba hakufa, kwamba mtumbwi wao uligeuza, akarudi, akaoa, akazeeka hukohuko, na kwamba utapishana naye sokoni Kalemie bila wewe kumjua wala yeye kukujua. Sikukatazi kumuulizia. Ni baba yako, ni haki yako. Ila ukipata habari, nzuri au mbaya, uje nayo mwenyewe. Usimpe mtu aniletee.

Tangu siku ile kimya sikiwezi. Ulipokuwa mdogo nilikulazimisha uimbe ukiwa chooni, unakumbuka? Watoto wa jirani walikuwa wanakucheka, wanasema Shabani hajisaidii bila muziki. Ukienda kuchota maji nilitaka nisikie ndoo inalia. Ukilala nilikuamsha nikakuuliza kama umelala. Wewe ulidhani mama yako anapenda makelele. Nilikuwa nakuhesabu tu, kwa masikio, asubuhi mpaka jioni, na nilikuchosha. Kwa hilo nina haya mbele yako.

Na ufundi ninaosifiwa nao hapa Ujiji ulitoka hapohapo. Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, aliyetupokea nyumbani kwake, alikuwa na gramafoni moja ya ufunguo na mikono iliyokwisha nguvu. Harusi zetu unazijua: upande wa wanawake mwanamume hakanyagi, hata awe fundi wa namna gani, kwa hiyo atakayepiga santuri humo ndani sharti awe mwanamke. Nikawa mimi. Santuri moja ilikuwa haingoji hata maji kuchemka, inakwisha, na ule mkwaruzo wa mwisho ukinyamaza mimi nilikuwa nasikia mtumbwi. Jasho likanitoka mbele za watu. Ndipo Mhindi mmoja alipofunga duka lake akaondoka, nikapata gramafoni ya pili, na nikajifundisha mwenyewe: hii inaelekea kwisha, ile nimeshaitia ufunguo, hii naisukumia kanga kwenye mdomo wake wa kutolea sauti taratibu ififie, ile naivua kanga yake taratibu ipande, kidole kwenye sahani kuipunguza mwendo mpaka ngoma za huku na za kule zikanyage pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakasema Mama Shabani anaunga nyimbo hata mshono huuoni. Walidhani ni mkono. Ilikuwa hofu, mwanangu, hofu iliyojifunza kazi.

Nakuambia hili kwa sababu wewe ulijifunza kwangu, na mwanafunzi huchukua na kilema cha mwalimu.

Sikiliza harusi moja. Ilikuwa ya binti wa Bi Asha, muuza vitenge, na bwana harusi alikuwa wa Tabora. Desturi yetu unaijua, gari la kumchukua bibi harusi likifika, ngoma hukoma, mama mtu husimama, hushika kichwa cha mwanawe, humwambia maneno yake ya kumuaga mbele ya wanawake wote. Wengine huomba dua tu, wengine husema mengi. Maneno hayo binti huondoka nayo, akaishi nayo maisha yake yote. Basi gari lilipiga honi, na mimi nikaona Bi Asha anajikusanya, anafunga kanga yake kifuani. Na santuri ilikuwa inakwisha. Nilijua, Shabani. Nilijua kabisa kwamba sasa ni wakati wa kunyamaza. Lakini ule mkwaruzo ulianza, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kanga ya ile ya pili. Wimbo ukapanda, wa furaha, mzuri mno. Wasichana wakamzunguka bibi harusi wakicheza. Na santuri ile ilipokuwa inakwisha nikaunga nyingine. Bi Asha amesimama katikati na mikono yake mbele, midomo inakwenda, hasikiki.

Kuna bibi mmoja wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, wale wasiopenda santuri tangu hapo, alinijia akaninasa kibao cha mkono. "Zima hiyo! Mwache mama mtu aseme!" Nikazima. Lakini wanaume nje walishakuja juu, gari linangoja, treni haimngoji mtu, na binti alikuwa ameshatolewa mlangoni kwa shangwe za wimbo wangu. Bi Asha hakunigombeza. Alikaa chini tu. Yale aliyotaka kumwambia mwanawe sikuyajua na sitayajua. Mpaka leo nikinunua kitenge hunipunguzia bei, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kibao.

Miaka yote hiyo nimeona ni kosa la bahati mbaya. Jana nikiwa nakupangia nguo, nikiangalia namna unavyokwenda huku na huku na mimi sina hata neno moja lililo tayari, nikamwona Bi Asha. Ndipo nikatafuta karatasi. Nashukuru kisomo cha watu wazima, kilichonifundisha kushika kalamu nikiwa mtu mzima na meno yangu.

Sasa nakuja kwako. Idi kubwa iliyopita ulipiga santuri za dansi kule Katonga. Mbalamwezi ilikuwa kali, dagaa hawavuliki, wavuvi wote wako nchi kavu, na mimi nilijifanya nimepita tu, nikakaa kwenye benchi la nyuma na wauza kahawa. Ulikuwa na mashine mbili za betri ulizoazima kwa fundi redio wa Mwanga. Ukapiga vizuri, ukaunga nikaona mkono wangu ndani ya mkono wako, na nikajisifu kimoyomoyo. Halafu wimbo ukaisha na hukuweka kitu. Kimya. Watu wamesimama na jasho lao. Niliona mkono wako uko juu ya sahani ya pili na hauteremki. Nililishika benchi mpaka muuza kahawa akaniuliza, "Mama, wajisikiaje?" Nilikuwa nangoja. Kisha mvuvi mmoja akacheka kwa nguvu, mwingine akapiga kelele, "Leta!", wakaanza kupiga makofi wote kwa pamoja, na ndipo ulipoteremsha sindano, katikati ya makofi yao, na mwanzo wa wimbo ukaangukia palepale makofi yalipo. Uwanja ukaruka.

Nyumbani nikakugombeza. Nikasema uliacha shimo, mtu angetumbukia. Ukaniambia, "Mama, nilitaka wapumue." Nikakuambia huo ni uvivu. Haukuwa uvivu. Ni kitu ambacho mimi sijakiweza tangu nianze kazi hii, na wewe ulikiweza kwa mashine za kuazima.

Tulivyogombana juu ya safari hii unakumbuka. Nilisema mazoezi yanatosha, rudia rudia, mkono utakomaa, mbona mimi sikwenda kwa mwalimu? Ukasema, "Mama, nikirudia peke yangu narudia na makosa yangu." Nilikasirika kwa sababu nilijitambua. Mimi nimerudia kosa moja miaka yote hii kwa ustadi unaozidi kila mwaka. Kinyozi hajinyoi. Kwa Amisi kuna mashine mbili za umeme na kisanduku katikati cha kuzichanganyia, na kuna fundi wake anayejua kukisikia unachokosea kabla hujamaliza kukikosea. Kajifunze. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mamako amekufunza, ulimwengu umalizie palipobaki.

Ila nawe una vyako, usidhani nakusifu mpaka mwisho. Una haraka ya kuonyesha mkono. Ukijua jambo jipya unataka usiku uleule kila mtu alione, unaukata wimbo mzuri katikati ili waone unavyoukata. Wimbo si wako, umeazimwa. Na unatazama wanaocheza tu. Wanaocheza wameshakubali, hao huna kazi nao. Tazama miguu ya waliokaa. Nimeokoa harusi nyingi kwa kutazama kidole gumba cha mguu wa bibi mmoja aliyenuna pembeni. Mimi hayo niliyajua kwa kuwa niliogopa kila mtu aliyekuwa mle ndani. Wewe yajue kwa kuwapenda, si lazima upitie njia yangu.

Na usijidai kwa Amisi kwamba unajua. Akikuweka mwezi mzima ufute vumbi kwenye santuri, futa, huku masikio yako yako kazini. Mimi kwa Bi Mwanaidi nilijidai, nikavunja santuri yake aliyoipenda kwa kuiwekea kidole kwa namna nisiyofundishwa. Alilia yule mama.

Naogopa nini sasa? Naogopa kila kitu, afadhali niseme. Naogopa askari wa gati la kule watakaposikia Kiswahili chako cha Ujiji na jina la kwetu, wakuulize wewe ni wa wapi, na wewe usijue la kujibu, maana hata mimi sijui. Huku wakikasirika hutuita Wakongo, kule watakuita Mtanzania. Waambie ukweli, ulizaliwa kule ukalelewa huku, na usione aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Naogopa kumbi za usiku, pombe yake na visu vyake. Naogopa Amisi mwenyewe, ndugu yangu wa damu ambaye sijamwona tangu ana sharubu mbili. Naogopa utapapenda. Hilo ndilo kubwa, nimelizunguka karatasi yote hii. Naogopa utakuwa fundi, utakuwa na jina kule, utanitumia salamu kila meli, halafu kila meli ya pili, halafu nitaanza tena kungoja pigo lisilokuja. Sikuambii hivi ili ubaki. Kama ningetaka ubaki ningekuwa bado nimekaa kwenye kinu cha Mzee Ruhasha. Nakuambia ili siku utakapokaa muda mrefu bila kuniandikia, ujue unachokinyamazisha ni nini.

Lakini pia sikufungi. Usiniandikie kwa hofu yangu. Sitaki uwe kule umeshika sahani na moyo wako uko huku unanigongea. Fundi hapigi hivyo. Ukinyamaza kwa sababu una kazi, au una furaha, au umelala, nataka nijifunze kusema kwamba mwanangu ananyamaza kwa sababu ni mzima. Nina umri huu na ndiyo kwanza naanza mazoezi.

Kesho sitakuja gatini. Ukisoma hapa utakuwa umeshawaona akina mama wakipunga kanga bila mimi, usikasirike. Mtaani Buzebazeba kuna harusi, ya mjukuu wa yule bibi aliyeninasa kibao, na mimi ndiye wa santuri upande wa wanawake. Niliahidi kabla ya kibali chako kutoka, ningeweza kuwarudishia ahadi yao, nikaona nisirudishe. Gari la bibi harusi litakuja alasiri, na meli yako nayo ni alasiri, na upepo ukitoka ziwani honi ya meli inafika mpaka kule juu.

Mama wa bibi harusi nimeshamwambia, aseme maneno yake yote, asiogope santuri, nitamngoja. Na honi yako itakapolia, itakayokuwa inacheza nitaiacha imalizike, mkwaruzo na yote, na ya pili sitaiweka. Mikono yangu nitaikalia kama italazimu. Wataanza kunitazama, nawajua. Kuna mmoja atauliza, "Mama Shabani, mashine imekufa?" Nitamwambia haijafa. Nitamwambia, nyamazeni kidogo, mwanangu anavuka, nataka kumsikia akienda.

Ni mimi mama yako,
Zena binti Kitwana, Ujiji.